Deni Lililosamehewa Kaburini

Wewe unayenisikiliza, ukifa leo, nani atasimama kaburini pako akusingizie? Usinitazame hivyo. Hamdani naye hakudhani, na alizikwa katika mji wa Shanawari, zama za Sultani Muhtasimu bin Barakati, sultani mwenye milki pana na machozi ya karibu.

Hamdani aliuza sanda na udi na karafuu maiti, biashara isiyojua kiangazi wala masika, na mshirika wake alikuwa Badawi bin Idarusi, mtu wa kilemba kikubwa na tasbihi ndefu. Mtaji ulikuwa wa Hamdani, dinari elfu mbili. Safari na mauzo vikawa vya Badawi. Na mkataba haukuandikwa, kwa kuwa katika mji ule kumwandikisha rafiki ilikuwa sawa na kumtukana. Shahidi wao alikuwa mizani ya shaba waliyoishika pamoja siku waliyofungua duka.

Na ilikuwa ada ya Shanawari, kabla udongo haujamwagwa, kadhi kuuliza mara tatu, "Yuko amdaiye maiti huyu?" Siku ya maziko ya Hamdani, sultani naye akiwapo, kadhi alipouliza mara ya tatu, Badawi akajitokeza huku analia, akasema, "Mimi. Namdai dinari elfu moja. Na ninamsamehe ndugu yangu, mbele ya Mola wangu na mbele ya sultani wangu!" Watu wakaangua kilio, na sultani akalia kuliko wote, akavua joho lake la hariri akamvika. Na sultani akishalia hadharani, hapendi kuambiwa alilia bure.

Sabiha, mjane wa Hamdani, alizipata habari hizo akiwa katika eda. Akamtuma shangazi yake kwa Badawi kudai zile elfu mbili, na shangazi akarudi na jibu hili: "Mwambie shemeji msiba umemvuruga. Mji mzima umenisikia nikisamehe. Ameona wapi mdaiwa akasamehe?"

Eda ilipokwisha akaenda mwenyewe kwa kadhi.

"Una shahidi, mwanangu?"

"Ninaye. Ulimzika wewe."

"Basi mshukuru Badawi, uende zako."

Na sokoni hakuna aliyemkopesha hata kibaba cha mchele, maana mume wake sasa alikuwa jina la mfano: usinifanyie kama Hamdani.

Akaenda dukani, akakuta Badawi amehamisha kila kitu isipokuwa ile mizani, kwa kuwa sahani yake moja ilikuwa na ufa. Sabiha akakaa chini akalia, na chozi likaanguka sahanini, na sahani ikainama, na pakatokea jini mfupi wa rangi ya jivu, bega moja chini na moja juu.

"Labeka, bibi. Mimi ni Kharashani, mtumwa wa mizani hii tangu enzi za Nabii Suleimani."

"Miaka yote hiyo ulikuwa wapi?"

"Humu humu. Hakuna aliyenililia. Wafanyabiashara hawalii, hupiga hesabu."

"Niletee dinari elfu mbili za mume wangu."

"Kutoa mali mkononi mwa mtu nimeharamishiwa."

"Basi nirudishie mume wangu."

Jini akatikisa kichwa.

"Jini gani wewe! Unaweza nini?"

"Uzito, bibi. Naweza kukipa kitu uzito wa dhuluma ya mwenye kukipokea. Lakini sharti akipokee kwa mkono wake na kwa kauli yake."

Sabiha akafikiri siku mbili. Siku ya tatu akaiuza nyumba yake, mali pekee iliyombakia duniani, kwa dinari elfu moja, na akaingia barazani kwa sultani akapiga goti.

"Ewe sultani wa zama, mwenye kivuli kinachositiri wanyonge, mume wangu amelala juu ya hisani ya mtu, nami mkewe sipati usingizi. Nimeuza nyumba. Nimekuja kulipa."

Sultani akalia tena. Badawi, aliyekuwapo barazani ndani ya joho lake, angeweza kusema hapana, na hekaya yangu ingeishia hapo, na mjane angelala barabarani. Lakini dinari elfu ni elfu.

"Kama roho ya shemeji itatulia," akasema, "mimi ni nani nikatae?"

Na ada ilisema kwamba aliyesamehe kaburini, akitaka kupokea, hupokea kaburini. Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, mji wote ukakusanyika.

"Tamka unachopokea," akasema kadhi.

"Napokea haki yangu niliyomdai Hamdani."

Sabiha akamtia mfuko mkononi. Mkono ukashuka.

"Shemeji, umetia mawe?" Badawi akacheka, na watu wakacheka naye. Kisha magoti yake yakapiga udongo, na joho likapasuka mgongoni, na mkono ukaanza kuzama kaburini, kiganja, kisha kiwiko, kama anayevutwa na mtu wa chini anayetaka kumsalimia. Askari wanne wakamshika kiunoni, wasimtikise.

"Uachie mfuko!" akaamuru sultani.

"Vidole havifunguki, maulana!"

Sabiha akachuchumaa karibu na sikio lake. "Sema, shemeji. Kauli yako ndiyo iliyokupa mzigo."

"Nitakulipa! Elfu mbili! Tatu!"

Bega likazama.

"Kulipa utalipa. Sasa sema."

"Hakuwa na deni langu," Badawi akanong'ona.

"Paza sauti," akasema sultani, na safari hii macho yake yalikuwa makavu.

"Hamdani hakuwa na deni langu! Mimi ndiye niliyekula elfu mbili zake!"

Umati ukaguna. Lakini mkono haukutoka, na shavu likagusa udongo, na Sabiha akashtuka, kwa kuwa yeye alidhani dhuluma yote ndiyo hiyo.

"Kuna nini tena, Badawi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Badawi akafumba macho.

"Alikuja kwangu siku tatu kabla hajafa, anakohoa damu. Hakutaka elfu mbili. Alitaka kumi, za tabibu. Nilikuwa nazo, nimezikalia chini ya mkeka. Nikamwambia, njoo kesho."