Twiga Aliyenyimwa Pembe

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, zamani ya juzijuzi tu ambayo wengi wenu mlikuwa mmeshazaliwa, palikuwa na mwalimu katika shule ya msingi ya Mlowesa. Jina lake Severina Mkude. Alifundisha darasa la nne miaka thelathini na minne, na kila mwaka, mvua za kwanza zikianza kunyesha, alichora twiga ubaoni. Shingo ndefu, madoa, mkia. Watoto walimwiga, yeye akasahihisha, wao wakaenda zao darasa la tano.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mambo yote yanaanzia hapa. Mwaka wake wa pili wa kazi, mtoto wa dawati la nyuma, Bosco, alinyoosha kidole.

"Mwalimu, wewe mwenyewe umewahi kumwona twiga?"

Mwalimu alikuwa bado msichana, wazazi wa watoto walikuwa hawajamzoea, na aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akajibu, "Nimemwona. Mara mbili."

Mara mbili! Moja haikumtosha. Na ukweli ni kwamba hakuwahi kuona hata ukwato wa twiga.

Bosco akakua, akawa fundi baiskeli, akafungua kibanda njiani kwenda shuleni. Kila asubuhi alimwamkia mwalimu wake hivi: "Shikamoo mwalimu. Yule twiga wako hajambo?" Naye alijibu, "Marahaba. Hajambo, anakusalimia." Wakacheka wote wawili. Lakini mwalimu akishapita kile kibanda, kicheko kilimkauka. Kila asubuhi, miaka yote hiyo.

Ikafika wiki yake ya kustaafu. Sherehe ya kumuaga ilipangwa Ijumaa. Jumapili, akitoka kanisani, mwalimu alijisemea: "Mimi na uongo huu hatustaafu pamoja. Kabla ya Ijumaa nitamwona twiga."

Hifadhi ya taifa ya Lukonde ilikuwa safari ya siku moja, kwenda na kurudi. Shida ilikuwa kuingia. Huingii kwa miguu, wanyama hawasomi vibao. Na gari la kukodi ni mambo ya watalii. Mwalimu alipouliza bei, yule aliyemjibu alimwonea huruma kabla hata hajamaliza kuitaja.

Basi akaenda stendi. Kwenye dirisha la tiketi alikaa Digna, mwanafunzi wake wa zamani, yule aliyekuwa anapiga mistari ya daftari kwa rula hata ya hesabu za kichwa.

"Shikamoo mwalimu. Unasafiri?"

"Marahaba. Nataka kwenda kumwona twiga, na gari la kukodi sina."

"Gari la kukodi la nini, mwalimu? Nipe mpaka kesho."

Siku ile Digna aliwauliza madereva, akawauliza makondakta, akampigia simu mama muuza chai wa njia panda ya hifadhi. Kesho yake akampa mwalimu karatasi ya daftari iliyojaa mwandiko safi. Panda basi la saa kumi na moja alfajiri. Kaa upande wa kushoto, jua lisikupige. Shuka njia panda saa mbili, kunywa chai. Saa tatu atakuchukua Kibwana, ambaye kila Jumatano hupeleka maji kwenye kambi ya askari wa hifadhi kwa lori. Getini lipa kiingilio kama raia yeyote. Saa tano utafika kambini. Mpishi wa pale ni Mlengule, ameshakuombea ruhusa kwa mkuu wa kambi. Saa saba kamili ondokeni, ili uwahi basi la kurudi la saa tisa.

"Kibwana na Mlengule si niliwafundisha mimi?" mwalimu aliuliza.

"Wote wawili. Tena Mlengule ulikuwa unamtoa nje kila siku."

Pembeni mwa karatasi palikuwa na mstari mwekundu ulionyooka, na kando ya mstari, karatasi ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini. Juu ya mkunjo Digna ameandika: *Usifungue hapa mpaka mambo yaharibike.*

Jumatano mwalimu akaondoka. Basi likaja kama lilivyoandikwa, jua likampiga mwingine, chai ya njia panda ilikuwa na tangawizi. Saa tatu lori la maji likasimama. Kibwana, jitu la watu, mikono kama magogo, aliruka chini akamfungulia mlango. Alikuwa ameliosha lori lote na kutandika kitenge cha mkewe kwenye kiti. Redio yake inayosikika vijiji vitatu aliizima mwenyewe bila kuambiwa.

"Unaendesha vizuri, Kibwana."

"Ndiyo mwalimu."

"Hesabu za kugawanya ulizielewa mwishowe?"

"Hapana mwalimu."

Wakaingia hifadhini. Waliona swala, wakaona ngiri na mkia wake juu, wakaona nyani aliyewatazama kama wanamdai. Twiga hapana. Mwalimu alishika karatasi yake kwa mikono miwili.

Saa tano wakafika kambini. Kibwana akazima injini. Halafu akanong'ona, "Mwalimu, geuka taratibu. Kulia kwako, nyuma ya matangi."

Walikuwa watatu. Kibwana aliwaona, mimi naapa aliwaona. Mwalimu akaanza kugeuka, taratibu.

Wakati uleule Mlengule alitoka jikoni, aproni kifuani, mwiko mkononi. Akamwona mwalimu wake wa darasa la nne. Miguu ikajibana yenyewe, kidevu kikapanda, na sauti ikamtoka kama ilivyomtoka kila asubuhi ya utoto wake, ndefu na ya kuimba:

"SHIKAMOOOO MWALIMUUUU!"

Na mwalimu, je? Mtu ameamkiwa. Angefanya nini? Shingo iliyokuwa inakwenda kulia ikageuka kushoto.

"Marahaba. Hujambo, Mlengule?"

"SIJAMBO MWALIMU!"

"Kaa chini."

Mlengule akakaa chini, mavumbini, na mwiko wake. Mwalimu akageuka kulia. Palikuwa na matangi, palikuwa na vumbi linalotua, na mbali huko vichaka vinatikisika. Basi.

Mnacheka. Mwalimu hakucheka. Alishuka kwenye lori, akakaa juu ya kreti la soda, machozi yakamlengalenga. Wakasubiri. Saa sita ikapita. Jikoni masufuria yanagongana, pampu ya lori inanguruma ikisukuma maji kwenye matangi, na kichakani hakuna anayejitokeza. Ilipobaki robo saa kufika saa saba, Kibwana alikuja akiangalia chini. "Mwalimu, karatasi inasema tuondoke."

Hapo ndipo mwalimu alipoikumbuka ile pini. Akafungua mkunjo. Ndani Digna ameandika: *Pambizo. Ulitufundisha tusiandike mpaka ukingoni. Basi la kurudi hupita saa kumi, si saa tisa kama ulivyodhani. Una saa moja ya ziada, mwalimu wangu. Itumie.*

Mwalimu akasimama. "Mlengule! Wale twiga hurudi?"

"Hurudi, mwalimu. Wanapenda mgunga ule nyuma ya jiko. Lakini sufuria ikilia hawaji, na pampu ikinguruma hawaji. Mimi huwaona askari wakishakula na kulala, pakiwa kimya."

"Basi na pawe kimya."

Mlengule aliuangalia ugali wake, maji ndiyo kwanza yanachemka, na askari kumi na wawili wanatoka doria na njaa zao. Akaondoa sufuria. Akavuta kuni. Wale kumi na wawili siku ile walikula mkate mkavu kwa ishara za mikono, na mkuu wao alimtazama Mlengule kwa jicho ambalo halikuwa zuri.

Kibwana naye alikuwa na nusu ya maji bado ndani ya lori. Akazima pampu. Akachukua ndoo mbili, akavua viatu visilie kwenye kokoto, akaanza kubeba. Kutoka kwenye lori mpaka kwenye tangi, ngazi juu, ngazi chini, kutoka kwenye lori mpaka kwenye tangi, jua la saa saba utosini, na hakuguna hata mara moja.

Mwalimu alikaa kwenye kreti ndani ya jiko, mbele ya dirisha la nyuma. Akangoja. Robo saa. Nusu saa.

Kisha mgunga ukatikisika, na juu ya majani, mahali ambapo hakutegemea kabisa kuona kichwa cha mtu yeyote, kikatokea kichwa. Kope ndefu. Ulimi mweusi mweusi unaovuta majani katikati ya miiba. Shingo ikafuata, ikafuata, ikafuata tena. Twiga akasimama akamtafunia mwalimu usoni bila haraka.

Mwalimu alishika mdomo kwa mikono miwili. Na mnajua alinong'ona nini?

"Ana pembe. Jamani, ana pembe. Watoto wa watu nimewanyima pembe miaka thelathini na minne!"

Saa nane wakaondoka, na basi wakaliwahi.

Ijumaa ikafika. Uwanja wa shule ulijaa, turubai limefungwa, muziki, pilau inanukia. Mwalimu Severina alipewa kipaza sauti, naye hakuanza kwa hotuba. Alisema, "Bosco, simama. Uliza swali lako."

Bosco akasimama, mtu mzima na grisi yake kwenye kucha. Watu wakatega masikio. Akauliza, na sauti yake haikuwa ya utani:

"Mwalimu, wewe mwenyewe umewahi kumwona twiga?"

"Siku ile nilikudanganya, mwanangu. Sikuwa nimemwona. Nimemwona juzi Jumatano. Mara moja."

Halafu akauendea ubao uliowekwa pale, akachora twiga, shingo, madoa, mkia, na juu ya kichwa akamwekea pembe mbili fupi. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Ikaletwa keki. Na kwetu mnajua: mwenye sherehe humlisha kwa mkono wake yule aliyemfaa kuliko wote. Kipande cha kwanza ndicho chenye maneno. Cha pili ni chakula tu. Mwalimu akakata, akainua kipande cha kwanza, na mshereheshaji akauliza anayelishwa ni nani. Wakajitokeza wanne kwa mpigo.

Digna akasema: "Mimi twiga sijamwona mpaka leo. Sikutoka dirishani kwangu. Lakini safari yote ilitembea juu ya karatasi yangu, na mambo yalipoharibika, iliyowaokoa ni pambizo yangu. Kipande ni changu."

Kibwana akasema: "Karatasi haina magurudumu. Nani alimwingiza mwalimu hifadhini na kumtoa? Nani alibeba lori la maji kwa ndoo, peku, kwenye kokoto? Tazameni mabega haya. Kipande ni changu."

Mlengule akasema: "Ndiyo, niliwafukuza mimi. Ila kumwamkia mwalimu wako nalo ni kosa?" Wazee wakapiga makofi. "Na aliyejua mgunga ni nani? Aliyezima moto ni nani? Askari hawajanisamehe mpaka leo. Kipande ni changu."

Bosco akasogea wa mwisho. "Mimi sikupanga, sikubeba, sikunyamazisha sufuria. Nilimuuma mwalimu wangu kila asubuhi, na sikujua kama naumiza. Lakini nisingeuliza, asingekwenda. Na angestaafu na twiga asiye na pembe."

Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja, kipande mkononi, krimu inamtiririkia kwenye kiganja, midomo minne iko wazi mbele yake kama ya vifaranga. Akacheka, akalia, akacheka tena.

"Madaftari nimesahihisha miaka thelathini na minne," akasema, "hili limenishinda. Darasa, nisaidieni."

Haya basi, darasa ni ninyi. Mkono wa mwalimu unachoka na keki inayeyuka. Aliyepanga, aliyebeba, aliyenyamazisha, au aliyeuliza?

Je, nani alistahili?