Sufuria ya Mama Sifaeli

La, Nakijwa, bibi yako hajakutukana. Umenuna kwa sababu ni ugali na mnavu tena, ukaisukuma sufuria, naye akakujibu, "Mwenye ukoko hakulala njaa." Hilo si tusi, mjukuu wangu. Hayo ni maneno ya ukoo wetu, ingawa siku hizi yamezagaa mlimani kote na watu wasiotujua wanayasema kama yao. Kaeni, mboga bado haijaiva. Ombeni, acha kuchokoa huo moto. Mnataka kujua yalikotoka? Methali hii ilianza hivi.

Babu yangu mimi, mzaa baba, aliitwa Mbonea. Kuna watu wa ng'ombe na kuna watu wa maneno. Yeye alikuwa mtu wa mahindi. Na Sikukuu ya Mavuno mnaijua, kila nyumba inapeleka kanisani kitu cha shamba kumshukuru Mungu. Basi siku hiyo ilikuwa kama ya Mbonea. Tenga la mahindi alilibeba mwenyewe begani, na akishaingia mlangoni anatembea taratibu, taratibu kabisa, mpaka kwaya inamaliza wimbo inaurudia. Viatu vyake vinalia kwi, kwi. Hakuwa mtu mbaya, hapana. Alipenda tu aonekane anashukuru.

Ukaja mwaka mvua zikagoma. Mahindi yakafika magotini, yakasimama hapo hapo, yakakauka kama fagio. Kihenge cha Mbonea kikawa cha panya, na panya wenyewe wakahama. Mbonea akawa mtu wa kukaa na kutazama mawingu.

Lakini jikoni moto haukuzimika. Mkewe, Namsifu, ambaye watu walimwita Mama Sifaeli kwa jina la mtoto wao wa kwanza, alikuwa na mikono isiyokubali kushindwa. Leo anasuka vikapu anabadilishana kwa unga wa muhogo. Kesho anakausha ndizi mbichi anazitwanga. Mnavu anauchuma kando ya mfereji, chumvi anaomba kwa jirani. Kila jioni kitu kiliiva, na watoto wakagombania ukoko mpaka wakapigana vijiko.

Kabla ya kula Mbonea aliomba, hilo hakuliacha. "Bwana, utukumbuke. Bwana, utuone katika dhiki yetu. Amina." Halafu anatia mkono anakula.

Jumamosi ya kuamkia Mavuno, wakati mkewe anapakua, akasema, "Kesho hatuendi."

"Hatuendi wapi?"

"Kanisani. Niende nimebeba nini, Mama Sifaeli? Nipite mbele ya watu mikono inaning'inia?"

Namsifu hakuinua uso. "Baba Sifaeli, tangu mvua igome umeomba, umeomba, umeomba. Asante hata moja sijaisikia."

"Asante ya nini?"

Akagonga mwiko ukingoni mwa sufuria. "Ya hii. Mimi kesho naipeleka hii, na ukoko wake ndani. Leo haioshwi."

Mbonea akacheka kicheko kibaya. "Ukoko mbele ya madhabahu! Watakucheka mpaka Krismasi."

"Wacheke. Nitawaambia maana yake."

Asubuhi Namsifu akakuta sufuria imeshafungwa vizuri kwenye kanga. Akadhani ni watoto wamemsaidia. Akaitwika, akatoka nao. Mbonea akabaki kizingitini anachonga mpini wa jembe, siku ya Bwana, oneni hasira ya mtu, na jembe lenyewe halina kazi.

Mara akatoka mama yake, Bibi Nakundwa. Huyo alikuwa adui wa uchafu. Hata jiwe la kukalia alikuwa analisugua. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisani, anatabasamu.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Nimekuokoa."

"Umeniokoa na nini, mama?"

"Nilimsikia mkeo jana. Sufuria chafu kanisani, nani amewahi kuona? Nimeamka na jogoo, nimeisugua kwa mchanga na jivu mpaka nikayaona meno yangu humo. Yote mawili."

"Na ukoko?"

"Nimewapa watoto wametafuna. Ulitaka nimwage?"

"Na yeye anajua?"

"Atafurahi akifungua."

Kisu kikasimama mkononi mwa Mbonea. Akawa kama anamwona mkewe mbele ya kanisa zima anafungua kanga, na ndani hamna kitu. Hamna hata kile kidogo alichotaka kukisemea. Moyo mmoja ukamwambia, kaa, si ulimwonya? Moyo wa pili ulikuwa unamuuma. Na akienda, anaenda mikono mitupu, jambo lile lile alilolikimbia tangu jana.

Mbonea akatupa mpini, akakimbia. Pekupeku, vumbi la mbao kifuani.

Huko kanisani watu walikuwa wameshapita. Aliyeleta yai, yai. Aliyeleta konzi ya maharage, konzi. Namsifu akawa wa mwisho. Akaitua sufuria mbele ya mzee wa kanisa, akafungua kanga, akaduwaa. Sufuria inametameta kama imetoka dukani.

Jirani yake, Mama Ndeshi, hakuweza kujizuia. "Mwenzetu, umeleta sufuria tukujazie?"

Watu wakacheka kile kicheko cha kanisani, cha puani. Namsifu akapapasa ndani ya sufuria kwa kiganja, anautafuta ukoko.

"Msicheke!" Mbonea alikuwa mlangoni, anahema. "Hiyo sufuria ilikuwa na ukoko."

Mzee wa kanisa akamtazama miguu. "Ukoko uko wapi, Mbonea?"

"Watoto wamekula."

Hapo wakacheka waziwazi. Mbonea akasikia masikio yanawaka. Akageuka kuwatafuta wanawe kwenye benchi, na yule mdogo, Kiondo, alikuwa bado na chembe za ukoko shavuni. Mbonea akaliangalia lile shavu. Lilikuwa shavu la mviringo, limejaa. Tangu mvua igome alikuwa anatazama mawingu, mashavu ya watoto wake hakuwahi kuyatazama.

Akamnyanyua mtoto juu kabisa, kama alivyokuwa ananyanyua tenga.

"Tazameni hili shavu! Shambani kwangu hamna kitu, mnapita mnaona. Sasa shavu hili limetoka wapi? Mimi nililala njaa siku gani? Niambieni, siku gani? Nilikuwa nalilia mahindi, na huyu mama anapika. Kila siku anapika! Nakula, nashiba, namwambia Mungu atukumbuke, na huku mdomo umejaa!"

Vichwa vikageuka, watu wakalitazama lile shavu.

"Mbonea," mzee wa kanisa akasema kwa upole, "sema kwa kifupi. Jua linapanda."

"Kwa kifupi, mwenye ukoko hakulala njaa. Hiyo ndiyo sadaka ya nyumba yangu. Pokeeni."

Mama Ndeshi akainamisha kichwa. "Hata kwangu ukoko upo," akasema. "Hata kwangu," akasema mwingine nyuma. Ikawa hata kwangu, hata kwangu, benchi kwa benchi. Mara Bibi Nakundwa akafika na fimbo yake, pumzi juu juu. "Na mmeona ilivyo safi?" Wakacheka tena, ila kicheko hiki kilitoka tumboni.

Mzee wa kanisa akaiombea sufuria, akamrudishia Namsifu. "Hii irudi jikoni, mama. Mungu ameshaiona." Mbonea akaichukua yeye, akaiweka begani, akatembea na mkewe kurudi kwenye benchi. Viatu hana, tenga hana, na alitembea taratibu kuliko mwaka wowote wa mahindi. Wanasema kwaya iliurudia wimbo mara mbili.

Na siku ile nyumbani, ugali ulipotengwa, Mbonea akashukuru. Akashukuru kwa unga, kwa chumvi ya jirani, kwa maji, kwa mikono ya Mama Sifaeli, kwa mama yake na mchanga wake, kwa kila mtoto kwa jina lake. Akaanza sasa kushukuru kwa kuni. Bibi Nakundwa akaona hapana.

"Amina!" akasema. "Mungu amesikia, na ugali unapoa."

Wakala. Na ukoko, siku hiyo Mbonea aliugombania na watoto.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Naona bibi yenu anaipua mboga. Nakijwa, lete maji tunawe. Ombeni, sogea, mpishe dada yako. Na wewe bibi yao, acha hayo masufuria, njoo ukae hapa karibu yangu, leo hatuanzi bila wewe. Tumekaa wote? Haya, Nakijwa, wewe uliyenuna ndiye utakayetuombea. Na usiombe kitu, shukuru tu. Mwenye ukoko hakulala njaa.