Karibu ya Bwana Shekue

Bwana Shekue alimvamia mpangaji wake, Bi Mize, akihema kwa hasira.

"Umenitangaza bahili mtaa mzima. Kesho uhame!"

"Bwana mkubwa," alijibu Bi Mize huku akipeta mchele, "bahili ni mtu anayekula mlango umefungwa. Kwani wewe unafunga?"

Alikuwa akifunga, tena kwa komeo. "Sifungi!"

"Basi mchana huu kula barazani, watu wakuone. Akitokea mtu wa kukuita bahili baada ya hapo, mimi nahama. Asipotokea, nakaa."

Bwana Shekue akatabasamu. Mpita njia hukaribishwa, naye kwa adabu hujibu kwamba ameshiba. Karibu haigharimu kitu. Akaweka sinia la pilau barazani, akakaa kitako.

Bi Mize akapita na majirani.

"Karibuni chakula!" Bwana Shekue alipaza sauti. "Jamani, msione haya!"

Bi Mize akainua mikono inayochuruzika maji. Majirani wote nao wakainua yao.

"Ahsante, bwana mkubwa. Tumeshanawa."

Bwana Shekue akaliangalia sinia likielekea kuwa tupu, akiomba moyoni walau mmoja amwite bahili. Lakini wote walikuwa na pilau mdomoni.