Vazi la Friji la Nyamizi

Kipozacho wengine, mgongo wake una moto.

Mlimsikia shangazi yenu akiyasema maneno hayo juzi, mkatazamana, mmoja wenu akadai ni methali ya enzi za misafara ya pembe. Si ya enzi hizo. Ilitoka kwenye friji, hapa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, na wenyewe waliohusika wangali hai na hawafurahi ikisimuliwa mbele yao. Kwa kuwa hawapo, kaeni niwaeleze ilivyoanza.

Alikuwapo mwanamke aitwaye Nyamizi, mke wa Mihayo, mwalimu wa hesabu. Katika nyumba hiyo aliishi pia Mzee Kapuya, babake Mihayo, na Kalunde, dadake Mihayo, ambaye alirudi kwao baada ya kuachika na hakuonyesha dalili ya kuondoka tena. Nyamizi ndiye aliyewatuliza wote. Kalunde akigombana na jirani, Nyamizi alikwenda kuomba radhi. Mihayo akirudi na hasira za shuleni, Nyamizi alimsikiliza mpaka zikaisha. Mzee akisusa chakula, aliitwa Nyamizi. Watu wa nyumba ile waliona hivyo ndivyo alivyoumbwa, na hawakulifikiria tena jambo hilo.

Mzee Kapuya alikuwa na ugonjwa wa sukari, na dawa yake ilikuwa ile ya sindano, ambayo lazima ikae kwenye baridi. Kwa ajili hiyo likanunuliwa friji. Likawekwa sebuleni, kama ilivyo desturi yetu, maana kitu cha thamani hakifichwi jikoni kwenye moshi. Lakini friji lina mgongo mbaya, mweusi, wenye vyuma vyembamba vilivyojipinda huku na huku, na mgeni aliyekaa kwenye kochi kubwa aliuona wote. Kalunde akaona ni fedheha. Akakaa miezi minne akifuma vazi la nyuzi nyeupe, zito, lenye maua na pindo la mawimbi, likalifunika friji juu, ubavuni na mgongoni hadi sakafuni, ukabaki mlango tu. Kisha wakalisukuma konani mpaka likagusa ukuta. Majirani walikuja kulitazama, wakasifu, na Kalunde akatembea mtaani wiki nzima kichwa juu.

Ukaingia mwezi wa kumi. Mnaujua mwezi wa kumi wa Tabora, jua lake halina adabu. Friji likaanza kunguruma kutwa kucha bila kupumzika, na ndani hamkuwa na baridi. Maziwa yakachacha. Mchicha ukalegea. Na hapo ndipo Nyamizi alipogundua jambo la ajabu: lilipokuwa likigandisha, lilikuwa friji letu, na lilipoacha kugandisha likawa friji lake. Mihayo alimwambia, friji lako linapiga kelele. Kalunde alimwambia, wifi, friji lako limeniharibia maini yangu.

Nyamizi akajitahidi. Alikizungusha kile kitufe cha ndani hadi namba ya mwisho. Alilichomoa, akayeyusha barafu taratibu bila kuichokoa kwa kisu, akafuta, akalichomeka tena. Alikataza sufuria ya moto isiingizwe humo, na siku hiyo hiyo akakuta maharage yanafuka mvuke kwenye rafu ya chini. Alimsihi Mihayo asisimame mbele ya mlango ulio wazi akitafakari kama anasoma gazeti. Mihayo akajibu kwamba alikuwa anatafuta maji, na maji yalikuwa mbele ya pua yake.

Wakaita fundi. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtu mwenye akili zake hutaka kujipiga kichwa ukutani. Kalunde hakutaka mikono yenye grisi iguse vazi lake, kwa hiyo asubuhi na mapema alilivua, akalikunja, akalifungia kabatini. Mihayo naye, kwa heshima ya mgeni, akalivuta friji hadi katikati ya sebule ili fundi apate nafasi ya kuchuchumaa. Fundi alipofika saa nane mchana, friji lilikuwa limepoa vizuri kabisa. Akaingiza mkono, akauliza ameitiwa nini. Akajaza gesi hata hivyo, maana hakutaka ionekane amekuja kunywa chai tu, akaenda zake. Hajafika mbali, friji likavikwa vazi lake na kurudishwa konani. Siku ya pili yake maziwa yakachacha.

Wakaita fundi mwingine. Friji likavuliwa tena, likavutwa tena, likapoa tena. Huyu alibana kipande cha karatasi kwenye mlango, akakivuta, karatasi ikakataa kutoka. Maana yake mpira wa mlango ulikuwa mzima. Akaubadilisha. Alipoondoka friji likavikwa, likarudi konani, na kesho kutwa yake nyama ikanuka. Nyamizi alianza kuamini kwamba friji lile lilikuwa na chuki naye binafsi, kwa kuwa lilipona kila lilipoona mgeni na kuugua mara alipobaki nalo peke yake.

Haya yote yangekuwa kichekesho kama si Mzee Kapuya. Mzee alianza kulegea. Kiu haikumwisha, macho yakaingia ukungu, na sindano alizojidunga hazikumsaidia kitu. Nyamizi akampeleka zahanati. Nesi akaitazama ile chupa ya dawa, akauliza ilikuwa inakaa wapi, akaitupa. Akamwambia waziwazi kwamba dawa imekufa kwa joto, na mzee akiendelea na dawa ya namna hiyo, atakwenda nayo.

Nyamizi alirudi na chupa mpya mkononi na hakuwa na mahali pa kuiweka. Akachimbia chungu kwenye mchanga uani, akaitumbukiza humo chupa ikiwa ndani ya mfuko, akawa anamwagia mchanga maji kila baada ya muda, siku mbili mfululizo, huku akipika, akifua, na huku Kalunde akimfuata na kisa cha jirani aliyemnunia kisimani. Alikuwa amechoka kiasi kwamba alichomjibu wifi yake hakukikumbuka baadaye.

Katikati ya hayo alisikia habari za Fundi Sadala, mzee aliyefanya kazi ya mafriji tangu ujana wake na sasa alitoka kwa nadra. Walipatana aje Alhamisi. Lakini Jumatano, karibu na adhuhuri, alikuwa anapita mtaani kwa shughuli nyingine, akaona heri amalize na hili, akabisha hodi.

Kalunde alishtuka, akakimbilia friji alivue.

"Liache, mwanangu," fundi akasema. "Mgonjwa nataka nimkute kitandani kwake, sio akiwa ameoga na kujipaka mafuta ya kwendea hospitali."

Akalizunguka. Hakuweza kupita nyuma, akauingiza mkono kati ya vazi na ukuta, akautoa haraka. Kisha akamwita Nyamizi, akamwambia naye aweke mkono wake pale. Nyamizi akauweka. Palikuwa pa moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

"Hili friji halina ugonjwa," Fundi Sadala akasema. "Baridi haliitengenezi, mama. Linalibeba joto lililomo ndani na kulitoa nje kwa mgongo. Kipozacho wengine, mgongo wake una moto. Sasa ninyi mmeuvika sweta huo mgongo, mkaubana na ukuta. Moto utoke wapi? Unarudi ndani, kwenye maziwa na kwenye dawa ya mzee."

Akalivua vazi, akalivuta friji kiganja kizima kutoka ukutani, akaonyesha vumbi lililoshikamana kwenye vile vyuma, akawaambia walichomoe na kulifagia kila mwezi kwa brashi laini. Hakubadilisha kitu, hakujaza kitu. Akanywa maji, akaenda.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Mihayo alikuwa ameingia kwa chakula cha mchana, na alichosema cha kwanza ni kwamba alijua tangu mwanzo. Kalunde akaja juu. Akasema ametoa miezi minne ya macho yake kwa vazi lile, na kwamba sebule sasa itaonekana gereji. Mihayo akasema vazi hilo karibu limuue baba. Kalunde akalia. Halafu wote wawili, kwa pamoja, wakamgeukia Nyamizi.

"Mwambie dada yangu," akasema Mihayo.

"Wifi, mwambie mumeo," akasema Kalunde.

Nyamizi alikuwa amesimama palepale kando ya friji, mkono bado uko nyuma kwenye vyuma. Alikuwa amekasirika, na hasira yenyewe ilimshangaza, kwa sababu aliikuta iko tayari, imekaa siku nyingi.

"Simwambii mtu," alisema. "Nimewaambia kwa miaka. Mmelisogeza friji, vizuri. Na mimi nisogezeni, nimebanwa na ukuta."

Kalunde akaacha kulia kwa kukosa la kufanya. Mzee Kapuya, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi na ambaye wote walidhani amesinzia, akainuka taratibu akaketi.

"Mkwe wangu," akasema, "mgongo wako una moto tangu lini?"

Nyamizi akafikiri kwanza, kwa kuwa hakuwahi kuulizwa swali hilo.

"Sikumbuki, Baba," akajibu. "Nadhani tangu kabla ya friji."

Mzee aliinamisha kichwa. Alikuwa ameona aibu, na hakuificha. Kisha akamwambia mwanawe kwamba kesho ampeleke mkewe stendi, aende kwa dada yake Urambo, akae huko hadi apoe mwenyewe. Mihayo alifumbua kinywa, na ilikuwa dhahiri kwamba anataka kuuliza nani atapika. Akautazama ule mgongo mweusi wa friji, akakifumba.

Jioni ile friji lilinguruma kidogo likanyamaza, kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima, na chupa ya dawa ikatolewa kwenye mchanga ikawekwa mahali pake. Asubuhi Nyamizi alipanda gari la Urambo na mfuko mmoja. Alikaa huko wiki mbili. Siku ya tatu Mihayo alimpigia simu kumuuliza chumvi inawekwa wapi, na Mzee Kapuya akamnyang'anya simu akaikata. Kalunde akagombana na jirani kama kawaida yake, akasubiri, hakuna aliyekwenda kumwombea radhi, mwishowe akaenda mwenyewe, na hakufa.

Nyamizi aliporudi alimkuta mzee ana nguvu, anatembea hadi msikitini na kurudi. Friji lilikuwa sebuleni, liko kiganja kimoja kutoka ukutani, limefagiwa, mgongo wake mweusi hauna nguo, unaonekana kwa ubavuni mbele ya wageni. Alikuwapo mgeni siku hiyo, mwanamke aliyelikumbuka lile vazi zuri, na akamuuliza Kalunde kwa nini wamekubali kitu cha thamani kionyeshe sura mbaya kiasi kile. Kalunde alikuwa na majibu makali kwa maswali ya namna hiyo, na wote walimtazama wakiyangojea. Yeye akainuka, akampokea wifi yake mfuko, akamvutia kiti, ndipo akamjibu mgeni kwa sauti ya kawaida: kipozacho wengine, mgongo wake una moto.