Walinzi Wenye Haya wa Mzee Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kupika kama sisi, Mzee Tembo alikuwa na shamba kubwa la mahindi. Watoto wa tumbili walimtesa. Kacha! kacha! Wanavunja mahindi, hao, wametoweka.

Aliajiri ngiri sita walinde. Kwa msimu mmoja ngiri walilipwa vikapu ishirini vya mahindi, na watoto wakaiba thelathini vilevile.

"Sasa nitaajiri ngiri kumi na wawili!" akafoka. "Na hao watoto nawafukuza ng'ambo ya mto, kwa mamba!"

Pimbi, mnyama mdogo wa maweni, alisikia, roho ikamuuma. Aliwajua watoto hao. Walishinda na njaa. Akaenda mbio.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nina hasira."

"Watoto wakipata uji na kazi, hawataiba."

"Niwapikie wezi uji? Toka!"

Pimbi akatoka. Hatua tatu tu, akarudi.

"Basi, Mzee, ninao walinzi arobaini. Wanapanda dungu la kulindia bila ngazi. Wote kwa vikapu kumi."

"Arobaini! Kwa kumi!" Masikio ya Tembo yakasimama.

"Ila usiwatazame mpaka mavuno. Wana haya sana."

"Nani ana haja ya kuwatazama? Ngiri, nendeni zenu!" Akacheka, akidhani amempunja Pimbi.

Pimbi akachukua vile vikapu kumi, akakoroga uji, akawakusanya watoto wa tumbili. Akawafundisha kukaa zamu juu ya dungu na kupiga debe, po! po! po! Aliyeiba hakunyimwa uji, alinyimwa zamu. Mmoja tu alijaribu kuiba, akalia kutwa nzima. Hakurudia.

Mavuno yakafika. Ghala likajaa hadi mlangoni.

"Niitieni walinzi wangu!" Tembo akatamba.

Po! po! po! Wakaja kwa mstari, vifua mbele.

"Wezi!"

"Walinzi wako," akasema Pimbi. "Mwaka jana vilikutoka vikapu hamsini. Mwaka huu kumi tu."

Tembo akahesabu kwa mkonga mchangani, mara mbili. Hamsini. Kumi.

"Shikamoo, babu," akasema tumbili mdogo kuliko wote. "Hata hindi moja hatukuchukua."

Tembo akaona fahari mpaka machozi yakamlenga. "Marahaba, wajukuu zangu! Pimbi, mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikuambia, Mzee. Ukanifukuza."

Hapo ndipo kisa kilipokoma, wanangu: kumlea mtoto mapema ni nafuu kuliko kumlinda asiibe.