Mgeni Mwenye Mkia wa Ukindu

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na nyumba, masufuria na majirani wa kuwasengenya, Tembo na Kiboko waliingiwa na wazimu wa kutazama ndege.

Kila vuli, ndege wa kaskazini walikimbia baridi ya kwao wakatua bwawani. Ili wasogee karibu, Tembo akaweka ungo wa mtama juu ya kisiki. Kisha akajificha nyuma ya tete moja. Kiboko naye akajitwika nyasi kichwani, akajiona haonekani kabisa.

"Usipumue, shemeji," Tembo alinong'ona, na matete yote yakalala.

Bi Chiriku, mwenye makinda matatu matetani, akaja kudonoa. Puu! Mkonga ukamfagia.

"Ungo ni wa wageni," alisema Tembo. "Wewe tumekuzoea."

"Bwana Tembo, wanangu hawajala tangu jana. Mvua imeozesha mbegu zote."

"Wanao nao ni chiriku tu," alisema Kiboko. "Wana jipya gani?"

Bi Chiriku aliumia, akalia kidogo, halafu hasira zikampanda. Kumbe wanataka kipya! Akajipaka udongo mwekundu tumboni, akajibandika ua la yungiyungi kichwani, akajifunga ukindu nyuma, ukawa mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe. Akarudi akiyumbayumba, prrrr, akatua ungoni.

"Shemeji, unamwona?" Tembo alinong'ona.

"Namwona. Huyo ametoka mbali. Tazama anavyokula kwa adabu."

Bi Chiriku alikuwa akibugia kwa mashavu yote mawili.

"Karibu, mgeni. Watoka wapi?"

"Kaskazini ya kaskazini," alijibu, mtama umemjaa mdomoni. "Kwetu mvua huanguka ikiwa ngumu."

"Sikia sauti hiyo," alisema Kiboko, machozi yakimlenga. "Ndege wa hapa hawana sauti kama hiyo."

Mara matete yakapiga kelele: "Chwi! Chwi! Mama! Mama amevaa mkia!"

Bi Chiriku akaumeza mtama upesi. Akishikwa sasa, wanawe watalala njaa tena.

"Maskini," alisema haraka. "Watoto wa nani hao, wanaomwita mama kila mpita njia?"

Tembo akashusha masikio. "Wa chiriku wa hapa. Mama yao tumemfukuza leo asubuhi."

"Lo! Kwetu, anayemnyima jirani chakula hatumtembelei tena."

Kufikiria vuli isiyo na wageni kuliwatia hofu kubwa. Kiboko akaunyakua ungo, chubwi chubwi, akaufikisha matetani, Tembo na mgeni wakimfuata. Makinda wakala hadi vifua vikavimba.

Bi Chiriku akainama kushukuru. Ukindu ukafunguka, ukaingia puani mwa Tembo.

Haaa-chiyaaa! Chafya ikapeperusha ua, ikapeperusha udongo, akabaki Chiriku yule yule wa asubuhi.

"Shemeji," alisema Kiboko polepole, "huyu si jirani yetu?"

"Ndiye," alijibu Bi Chiriku. "Je, niliambie bwawa zima kwamba mabingwa wa kutazama ndege hawamjui jirani yao?"

Tembo akamsogezea ungo kwa mkonga.

"Kula, dada," alisema. "Na kesho uje na watoto."

Bi Chiriku akacheka mpaka akaangukia ndani ya mtama.

Hadithi imetua, nayo yasema: mtazame jirani yako kwa macho yale unayomtazamia mgeni.