Mchezo Ulioitwa Pasi

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana simu zilikuwepo na vocha zilikuwepo, palikuwa na kikundi cha watengeneza michezo ya simu mjini Tanga. Mwenye kikundi alikuwa Bi Tatu. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa wa mashindano ya mikokoteni, na mchoraji wake alikuwa Saumu. Humo Saumu alichora mvua. Si mvua ya kubahatisha, ni ile aliyokuwa akirudi nayo mwilini marehemu baba yake, msukuma mkokoteni. Aliichora tone kwa tone.

Wakautangaza mchezo kwa mbwembwe, ukatoka. Loo, aibu iliyoje! Simu za watu zilipata moto hazishikiki. Watu wakaupachika jina la Pasi, wakaambiana anayetaka kunyoosha shati aufungue. Jua halijazama, wengi walikuwa wameshaufuta. Bi Tatu hakumgombeza mtu. Alisema tu, "Atakayeufufua mchezo huu, jina lake ndilo litakalotangulia kila unapofunguliwa."

Wa kwanza kuinuka alikuwa Kibibi, msemaji wao. Watu wakamtukana, akawajibu. Wakamkejeli, akawajibu. Hakujitetea hata kidogo. Aliwaambia tumewakosea, tupeni muda. Wakampa, na hilo si jambo dogo kwa watu waliokwisha kuudhika.

Akafuata Mhina, fundi wa programu. Akatafuta, hakuona. Akatafuta tena, hakuona. Akatafuta mpaka akaona: moto ule ulitoka kwenye mvua, maana simu ilihangaika kuonyesha kila tone. Akajaribu kuipunguza, simu zikachemka vilevile. Ikabidi amwambie Saumu, naye alimwambia huku ameinamisha kichwa.

Saumu akaitazama mvua ya baba yake kwa mara ya mwisho. Akalia, kisha akaifuta kwa mkono wake mwenyewe, akabakisha sauti ya mvua tu. Simu zikapoa. Watu wakarudi, wakaita na wenzao, na wengine wakaapa kwamba wakifumba macho wanaiona mvua ikinyesha.

Ahadi ni deni. Bi Tatu akawaita wote watatu.

Kibibi akasema, "Bila mimi, mngemtengenezea nani? Watu wangekuwa wameshakwenda zao."

Mhina akasema, "Bila mimi, Saumu angefuta nini? Hata yeye hakujua ugonjwa uko wapi."

Saumu alikuwa anawapenda wenzake, na hakuona uongo katika maneno yao. "Ninyi mmetoa kazi zenu, na kazi zenu mnazo bado," akasema. "Mimi nilichotoa hakirudi. Tena sitaki jina langu. Andikeni la baba."

Bi Tatu akaweka vidole kwenye kibodi, vikaganda.

Haya, mnaonisikiliza, nafasi ni ya jina moja. Yuko aliyewabakiza watu, yuko aliyeuona ugonjwa, yuko aliyekitoa kipenzi chake, na yuko marehemu ambaye mchezo wenyewe hakuujua. Je, ninyi mngeandika la nani?